Gurudumu la Cherehani

Chumba kilikuwa cha kuivishia ndizi.
Ukutani bado kuna masizi,
na harufu ya mbege iliyokataa kuhama.
Humo nimeweka skrini mbili,
nilizonunua Memorial kwa mtu aliyeniapia
kwamba ufa ule wa pembeni hautaongezeka.
Umeongezeka.

Skrini ya kwanza: buluu juu, kahawia chini,
kasi ikitambaa kwenye utepe wake kushoto,
kimo kulia.
Ya pili ni ramani, na mstari wa zambarau
unaotoka Moshi kwenda popote nitakapoandika.
Vifundo ni vya redio ya marehemu baba.
Alichokizungusha kutafuta habari ya saa mbili usiku
mimi nakizungusha kutafuta futi elfu tisa.

Lakini trimu sikuwa nayo.
Pua ikipanda, naisukuma;
ikishuka, naivuta;
nusu saa angani, hapa hapa Msaranga,
bega linauma kama la mtu aliyelima.

Cherehani ya mama ilikuwa imenyamaza barazani
tangu mkono wake wa kulia ulipopooza.
Tukaizoea kuwa meza ya ndoo.
Nikalegeza skrubu moja, gurudumu likatoka,
nikalifunga nyaya tatu.
Ruhusa sikuomba. Naliandika hili
lisije likajisahaulisha.

Jumapili akaja mwenyewe, akishika ukuta.
Akasimama mlangoni.
"Eliamani, hilo ni langu."
"Ndiyo, mama."
"Linafanya nini huko?"

Nikamweleza. Kwamba ndege ikikuvuta
hushindani nayo. Unaishika ilipo,
unazungusha hili kidogo, kidogo tena,
mpaka kiganja kisisikie kitu.
Ndipo unaachia.

Akacheka kwa upande wa uso unaoweza kucheka.
"Kumbe ni mkazo wa uzi tu!
Ukikaza mno kitambaa kinakunja uso,
ukilegeza mno mshono unacheka meno nje.
Nipishe."

Akakaa. Mkono wa kushoto ukashika usukani.
Kisha akaubeba ule wa kulia,
kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala,
akaulaza juu ya gurudumu.
Mkono usioshika kikombe.
Mkono ulioshona sare za shule Januari kumi na tisa.

Nikaona kidole kikisogea. Unywele mmoja.
Nikaona pua ikitulia,
utepe wa kimo ukisimama kwenye elfu sita
kama mtu aliyeitwa jina lake.
Akaachia usukani.
Ndege haikujali.
Mimi wiki tatu nzima sijawahi kuifikisha hapo.

"Nipeleke Machame."

Hakuna Machame kwenye orodha ya viwanja.
Nikageuza kifundo: mia tatu na kumi.
Mstari wa zambarau tukauacha nyuma.
Chini kahawia tupu; aliyechora nchi hii
hakupewa habari za mgomba,
wala mfereji, wala uzio wa masale,
wala kaburi la bibi.
"Hapo," mama akasema, akigusa kioo
mahali pasipo na chochote. "Hapo kona. Hapo kanisani.
Hapo ng'ombe wa Ndelilio alinikanyaga."

Mlima ukageuka njano. Kisha mwekundu wote.
Mashine ikaanza kupiga kelele.
"Inasema nini?"
"Inasema ardhi iko mbele."
"Iambie tunaijua."

Luku ikalia, mara mbili, mara tatu,
na giza likaingia na masizi yake.
Nikainuka kutafuta simu, ninunue umeme
hata wa elfu mbili.
Kwenye giza nikalisikia gurudumu:
bado linazunguka,
unywele mmoja,
unywele mmoja.

"Kaa chini," akasema.
"Ukitoka sasa, nani atashika usukani?"